Karatasi ya Babu Bado Inafanya Kazi, Lakini Mpaka Lini?

Katika nyumba nyingi za wenzetu hapa Uingereza kuna bahasha moja ambayo haitupwi. Ndani yake mna vyeti vya kuzaliwa, hati ya ndoa, pasipoti za zamani zilizokatwa pembe, na karatasi moja ya kijani au ya waridi iliyokunjwa mara nyingi hadi mikunjo imeanza kuchanika. Hiyo ni leseni ya udereva. Haina picha, na wala haifanani na kadi tunazobeba sisi. Mwenyewe ni babu, bibi, ami au mama mkubwa, na ukimuuliza atakwambia kwamba anaendesha nayo tangu ujana wake na hakuna aliyewahi kumsumbua.

Kijana akiiona karatasi hiyo hudhani imekwisha kazi zamani. Mzee naye huamini haitakwisha kamwe. Sheria iko katikati yao. Leseni ya karatasi bado ni halali, lakini uhalali wake unategemea mambo yanayobadilika polepole ndani ya nyumba: jina, anwani, umri na afya ya mwenye leseni. Karatasi haipigi kengele mambo hayo yanapobadilika. Anayeweza kuona ni mtu wa nyumbani, na katika familia zetu mtu huyo mara nyingi ni mjukuu anayesoma barua za Kiingereza. Ndiyo maana tumeona tuliandike jambo hili humu, kwa Kiswahili ambacho unaweza kumsomea mzee mezani.

Karatasi hii ilitoka wapi

Leseni za udereva Uingereza zilianza kutumika 1 Januari 1904, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka uliotangulia. Wakati huo mtu hakufanyiwa mtihani. Alilipa ada akapewa ruhusa. Mtihani wa lazima ulikuja 1935. Kwa miaka mingi leseni zilitolewa na halmashauri za mahali mtu alipoishi, nazo zilikuwa vijitabu vidogo vyekundu. Wazee waliojifunza gari Kenya watakumbuka kijitabu chekundu cha namna hiyo, ambacho kilikuwa bado mifukoni mwa madereva wa huko kadi za kielektroniki zilipoanza kutolewa 2017.

Katika miaka ya 1970 kazi hiyo iliondolewa kwa halmashauri na kupelekwa kwenye ofisi moja mjini Swansea, Wales. Leo ofisi hiyo inaitwa DVLA, lakini wazee wengi husema tu “Swansea”, kana kwamba mji wote kazi yake ni leseni. (Ireland ya Kaskazini ina ofisi yake, kwa hiyo mwenye jamaa Belfast aulize huko.) Hapo ndipo ilipozaliwa karatasi ya kijani. Kuanzia 1976 leseni ya kawaida ya gari ilitolewa mpaka mtu atimize miaka 70, badala ya kuombwa tena kila baada ya miaka michache. Mwaka 1986 rangi ikawa ya waridi. Kadi ya plastiki yenye picha ilianza Julai 1998, na kwa muda mfupi aina zote mbili zilitolewa sambamba. Karatasi zilizotolewa kabla ya 31 Machi 2000 ndizo zinazoendelea kutambuliwa.

Kuna jambo moja ambalo limewachanganya watu wengi. Kadi za mwanzo zilikuja na karatasi ya pili ya kuambatana nazo, iliyoonyesha makosa ya barabarani na aina za magari. Karatasi hiyo ya pili ilifutwa 8 Juni 2015, na wenye kadi wakaambiwa waiharibu. Leseni kamili ya karatasi haikufutwa siku hiyo. Kwa hiyo mzee aliyesikia kwamba “karatasi zimeondolewa” asiichane yake. Iliyoondolewa ni ile ya kuambatana na kadi tu.

Fanyeni hesabu hii. Mtu aliyezaliwa mwanzoni mwa 1983 alitimiza miaka 17 mwanzoni mwa 2000 na angeweza kupata karatasi katika miezi ya mwisho. Huyo atatimiza miaka 70 mwaka 2053. Karatasi hizi, basi, zitakuwa nasi kwa muda mrefu bado.

Jina, anwani, umri

Karatasi inabaki halali iwapo jina lililoandikwa ndilo jina la mtu leo, anwani ndiyo anakoishi leo, na hajafika miaka 70. Likibadilika mojawapo, inabidi aombe upya, na karatasi ikishakwenda Swansea hairudi. Kinachorudi ni kadi.

Anwani ndiyo inayosahaulika zaidi. Familia zetu zimehama sana. Mtu alianza na chumba cha kupanga London, akapata nyumba ya halmashauri mtaa mwingine, kisha watoto wakaolewa na kuoa, naye akawafuata Milton Keynes au Northampton. Kodi ya nyumba ilibadilishwa, daktari akabadilishwa, benki ikaarifiwa. Leseni ikabaki na anwani ya 1991. Kutoiarifu DVLA kuhusu anwani mpya kunaweza kuleta faini ya hadi pauni 1,000, ilhali kubadilisha anwani hakuna malipo yoyote. Tena kuna hasara iliyofichika: barua ya kumkumbusha mtu kwamba anakaribia miaka 70 hupelekwa kwenye anwani iliyo katika kumbukumbu zao. Mzee aliyehama bila kusema hataipata, na hatajua kwamba ilitumwa.

Jina lina mambo yake. Kwa desturi ya kwetu mwanamke akiolewa haachi jina la baba yake, lakini baadhi ya mama zetu walipofika hapa waliandikwa jina la mume, ama kwa kupenda wenyewe, ama kwa kuwa karani aliona ndivyo inavyofaa. Wengine walikuwa na majina matatu, lao, la baba na la babu, na kila ofisi ikachagua la kwake la mwisho. Matokeo yake ni pasipoti inayosema jambo moja, leseni inayosema la pili, na kadi ya bima ya gari inayosema la tatu. Wakati wa kuendesha tu, tofauti hiyo hulala. Siku ya ajali, au siku ya kuomba leseni mpya, huamka. Ni afadhali kuinyoosha mapema, kwa hati ya ndoa au hati nyingine inayoonyesha jina lilivyobadilika.

Umri, kwa bahati, umeandikwa ndani ya karatasi yenyewe, ukijua pa kutazama.

Namba inavyosomwa

Kila leseni ina namba ndefu ya herufi na tarakimu. Herufi tano za mwanzo zinatoka kwenye jina la ukoo. Jina likiwa fupi, nafasi zinazobaki hujazwa tarakimu 9. Ndiyo maana kina Ali wa Uingereza wote huanza na ALI99, na kina Juma huanza na JUMA9. Baada ya hapo inakuja tarehe ya kuzaliwa, lakini imekatwakatwa: kwanza tarakimu ya muongo, kisha mwezi, kisha siku, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. Kwa wanawake, tarakimu ya kwanza ya mwezi huongezwa 5.

Chukueni mfano wa bibi wa kubuni, jina lake la ukoo Ali, aliyezaliwa 7 Machi 1956. Namba yake itaanza ALI99 553076. Ile 5 ya kwanza ni muongo wa hamsini, 53 ni mwezi wa 3 wa mwanamke, 07 ni siku, na 6 inakamilisha mwaka. Ukiipata namba ya nyanya yako unaweza kuisoma hivyo bila kumuuliza umri, na utajua lini anafika 70. Huyu wa mfano anafika 7 Machi 2026.

Hapa pana jambo ambalo wengi wetu tunalijua nyumbani. Baadhi ya wazee hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Walijua tu kwamba walizaliwa mwaka wa mvua nyingi, au kabla ya fulani. Walipojaza fomu za mwanzo ikaandikwa 1 Januari, na tarehe hiyo ikawafuata kwenye kila hati. Sheria haihesabu umri wa mvua, inahesabu umri wa hati. Kwa mzee wa namna hiyo, leseni inakwisha siku ya mwaka mpya, wakati ofisi zimefungwa na posta ina msongamano wa baada ya Krismasi. Yafaa kuanza mapema.

Siku ya kutimiza 70

Kufika miaka 70 si mwisho wa kuendesha. Uingereza haina umri ambao mtu anakatazwa gari kwa sababu ya umri peke yake, wala hatakiwi kurudia mtihani. Kinachotakiwa ni kuomba leseni upya, na tangu hapo kuomba tena kila baada ya miaka mitatu. Kuomba huko ni bure. Yeyote anayemdai mzee pesa kwa kazi hiyo, ikiwemo mitandao inayojifanya ya serikali, anauza kisichouzwa.

DVLA hutuma fomu siku 90 hivi kabla ya siku ya kuzaliwa. Isipofika, maombi yanaweza kufanywa kwenye tovuti ya serikali, au kwa fomu D1 inayopatikana katika ofisi nyingi za posta. Mzee atahitaji picha, kwa kuwa karatasi yake haikuwa nayo, na kitu cha kuthibitisha yeye ni nani. Halafu atajibu maswali ya afya na ya macho. Kipimo cha chini cha macho ni kusoma namba ya gari iliyo umbali wa mita 20, kwa miwani kama anaivaa. Hilo mnaweza kulijaribu pamoja nje ya nyumba kabla ya kujaza chochote.

Je, fomu ikichelewa huko Swansea, mzee akae nyumbani? Si lazima. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Usafiri wa Barabarani ya 1988 kinamruhusu mtu kuendelea kuendesha wakati maombi yake yanashughulikiwa, mradi leseni yake ya awali ilikuwa halali, maombi yamefika, hajafungiwa na mahakama, na daktari hajamwambia aache. Lakini aliyesahau kabisa kuomba hana kinga hiyo. Anaendesha bila leseni, na siku ya ajali bima inaweza kuwa na neno la kusema.

Kabla ya karatasi kutiwa kwenye bahasha ya posta, ipigeni picha pande zote mbili. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sehemu inayofuata inaonyesha mali yenyewe ni ipi.

Nani ataendesha basi dogo?

Mtu aliyefaulu mtihani wa gari kabla ya 1 Januari 1997 alipewa, pamoja na gari dogo, ruhusa mbili nyingine ambazo sisi hatukupewa. Anaweza kuendesha lori la kiasi, la uzito wa kati ya kilo 3,500 na 7,500, linaloitwa C1. Anaweza pia kuendesha basi dogo la abiria wasiozidi 16, linaloitwa D1, mradi hachukui nauli. Aliyefaulu baada ya tarehe hiyo anapata gari dogo tu, na akitaka hayo mengine kwa kawaida afanye mtihani zaidi.

Tafakarini maana yake katika jumuiya yetu. Kukiwa na maziko mji mwingine, au harusi, au watoto wa madrasa wanapelekwa matembezini, hukodiwa basi dogo na hutafutwa dereva. Wanaosimama ni kina baba na kina babu, na si kwa sababu vijana ni wavivu. Wao ndio wenye herufi hizo kwenye leseni. Mtu wa miaka 20 mwenye kadi mpya inayong'aa haruhusiwi kufanya kile ambacho mjomba wake mwenye karatasi iliyochakaa anakifanya kila Jumapili.

Mjomba akifika 70, ruhusa za C1 na D1 haziendelei zenyewe. Akitaka kubaki nazo inabidi aombe kwa fomu D2, pamoja na fomu D4 inayojazwa na daktari baada ya kumpima. Daktari anaweza kutoza kwa upimaji huo. Akiomba leseni ya gari dogo peke yake, kadi itarudi bila D1, na jumuiya itakuwa imepoteza dereva bila mtu yeyote kuamua hivyo. Pengine mzee mwenyewe ataona ametosha, na hiyo ni haki yake. Lakini na aamue akijua.

Hata kabla ya 70, karatasi inapobadilishwa kuwa kadi, linganisheni nyuma ya kadi na ile picha mliyopiga. Kama kuna aina ya gari iliyokuwepo na sasa haimo, pikipiki kwa mfano, iandikieni DVLA mara moja. Ni rahisi kudai ukiwa na ushahidi mkononi.

Mahali ambapo karatasi haitoshi

Kuwa halali barabarani hakuifanyi karatasi ikubalike kila mahali. Tangu chaguzi za Mei 2023, mpiga kura England lazima aonyeshe kitambulisho chenye picha kwenye kituo. Leseni ya kadi inakubaliwa. Leseni ya karatasi haikubaliwi, kwa kuwa haina sura ya mtu. Mzee asiye na pasipoti wala kadi anaweza kutumia pasi ya basi ya wazee, au kuomba cheti cha mpiga kura ambacho hutolewa bure. Wazee wetu wengi hawakosi kupiga kura, na ni uchungu kumwona mtu amevaa kanzu na koti lake zuri akirudishwa mlangoni kwa sababu ya picha.

Kukodi gari pia kunaweza kuleta maswali. Kampuni nyingi hutaka kuona rekodi ya dereva, na rekodi hiyo hupatikana kwenye tovuti ya serikali kwa namba ya leseni, namba ya Bima ya Taifa na msimbo wa posta. Tovuti hutoa namba ya muda inayodumu siku 21, ambayo kampuni huitumia kuangalia. Mwenye karatasi anaweza kuipata sawa na mwenye kadi.

Anayekwenda nyumbani likizo asitegemee karatasi. Askari wa barabarani wa Mombasa au Dar es Salaam hana namna ya kujua kwamba karatasi ya waridi isiyo na picha ni leseni. Kuna kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho siku hizi hutolewa hapa kwenye maduka yenye huduma ya PayPoint kwa pauni 5.50. Mwenye karatasi aende na pasipoti yake pia.

Na sisi wenye kadi tusijione tumesalimika. Kadi ina tarehe mbili. Ile ya mbele, iliyo kwenye namba 4b, ni mwisho wa picha, nayo huja kila miaka 10. Kuihuisha ni pauni 14 kwa intaneti au 17 kwa posta, na kuiacha kunaweza kuleta faini ya hadi pauni 1,000. Tarehe za nyuma ni za ruhusa ya kuendesha. Babu mwenye karatasi hana 4b ya kumsumbua. Katika hilo ametushinda.

Mazungumzo yenyewe

Kilichobaki si cha fomu. Sheria inamtaka dereva wa umri wowote aiarifu DVLA akipata maradhi yanayoweza kuathiri kuendesha kwake: kisukari kinachotibiwa kwa insulini, kifafa, presha ya macho katika macho yote mawili, ugonjwa wa kusahau, na mengineyo. Kuarifu si lazima kuwe mwisho wa leseni. Wengi hupewa leseni ya mwaka mmoja, miwili au mitatu, kisha hutazamwa tena. Lakini mzee anaogopa, na ana sababu. Gari ndilo linalompeleka msikitini au kanisani, dukani kununua muhogo na ndizi za kupika, na kwa rafiki yake wa tangu shule aliyebaki mmoja tu. Akipoteza gari anaanza kuomba lifti kwa watoto aliowalea, na si kila mtu mzima ana moyo wa kuomba.

Hivyo mtoto akianza na “babu, wewe umezeeka, lete leseni”, mazungumzo yamekwisha kabla hayajaanza. Baada ya shikamoo na chai, afadhali aombe kuonyeshwa karatasi. “Babu, hii uliipata mwaka gani? Nani alikufundisha?” Mzee atasimulia gari lake la kwanza, mwalimu mkali, barabara zilivyokuwa. Katika simulizi hiyo mtaiona anwani, mtalisoma jina, mtaihesabu tarehe. Suala la macho na dawa litakuja lenyewe, na litakuja kutoka kwake. Na kama ikibidi aache kuendesha, familia ije na mpango: nani atampeleka Ijumaa, nani Jumamosi, pasi yake ya basi iko wapi.

Kwa wanachama wote tunaomba jambo moja kabla ya likizo kwisha. Fungueni ile bahasha pamoja na mwenyewe. Angalieni anwani kwanza.